Kamati ya Waswahili wa Birmingham na wimbo wa Romania: yaliyotokea siku ya kura

Wakuu, salaam.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijahadithiwa. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika bado wanadai heshima zao.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, Romania imetoka kuingia EU. Naishi Shard End, hapa Birmingham, napiga kazi warehouse moja kule Washwood Heath. Kwenye shift yangu kulikuwa na Mromania, Costel, dereva wa forklift. Mtu mpole, hana makuu.

Siku moja kwenye break akaniambia mdogo wake wa kike, Ileana, anakwenda kwenye yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya.

Siyo mwimbaji mkuu. Ni mmoja wa wanaoitikia nyuma. Ila ukimsikia Costel anavyosimulia, ungedhani dada kaibeba nchi peke yake mgongoni.

"Ukiwa UK unaruhusiwa kuipigia kura Romania kwa simu," akasema kwa Kiingereza chake. "Waromania hapa tuko wachache. Nyinyi mko wengi. Please, my friend."

Basi nikaipeleka habari kwenye umoja wetu wa Waswahili.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Bahati, Mkongomani wa Bukavu, suti vipande vitatu hata akienda kununua maziwa. Tulimwita Président, naye hakukataa.

Aliposikia tu, akaunda Kamati ya Wimbo. Yeye mwenyekiti, mimi katibu. Dada Hodan, Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi, akawa mlezi, kwa sababu duka lake pale Alum Rock lina chumba cha nyuma chenye TV kubwa.

Wimbo wenyewe tukausikiliza kwenye kompyuta ya Hodan. Disco ya kawaida, ila katikati kuna gitaa linakimbia.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Ile guitare ni yetu," akasema Mzee Bahati. "Donc, bale ba Romania baliiba sebene yetu."

"Aki Mzee, wacha jokes," Hodan akajibu. "Hiyo ni benga. Mtu yeyote wa Nairobi atakushow."

Vikao vikaishia hapo, kimoja baada ya kingine. Mimi kimoyomoyo niliona ni muziki wa dansi wa Dar, lakini katibu kazi yake kuandika, siyo kusikia.

Jumamosi ya mashindano ikafika. Chumba kimefurika, viti vimebanwa kati ya magunia ya mchele. Costel kaja na keki aliyooka mkewe, shati limepigwa pasi. Mzee akamkalisha mbele kama mgeni rasmi.

Romania ikapanda jukwaani. Costel akaruka: "There! Ileana! On the left!"

Mzee Bahati naye akainuka kuwaonyesha watu. Kwa kidole. Mbele ya TV. Suti ikaziba skrini nzima, na alipoketi wimbo umeisha. Ileana sikumwona hata unywele.

Nchi zote zikamaliza kuimba. Mtangazaji akasema laini zimefunguliwa, mna dakika chache tu. Nikatoa simu.

"Katibu! Bila protocole?"

Mzee akazima sauti ya TV. Akapitisha karai, kila mtu aweke simu humo mpaka kikao kifunguliwe rasmi. Yangu nikaisukumia ndani ya koti.

Kikao kikafunguliwa kwa sala. Halafu utambulisho. Halafu shukrani kwa mlezi.

Halafu ikaja hoja: nani apige kura ya kwanza? Mzee akasema mwenyekiti. Hodan akasema mwenye chumba. Wakongomani huku, Wakenya kule, na sisi Watanzania katikati tunasema "jamani tuheshimiane," kama kawaida yetu.

Kisha mgeni rasmi akaombwa neno. Costel maskini, keki mkononi, jicho kwenye TV isiyo na sauti, anaishukuru Afrika.

Nikajifanya nakwenda chooni. Nikatokea mlango wa nyuma, penye mapipa ya taka. Nikapiga, busy. Nikapiga tena na tena mpaka sauti ya mashine ikanishukuru kwa kura yangu.

Narudi ndani, Mzee ndiyo anatangaza: "Sasa, ba ndugu, tupige kura!"

Watu wakalivamia karai. Hodan akarudisha sauti ya TV. Mtangazaji anasema laini zimefungwa.



Halafu mmoja akasema, "Tumeibiwa." Chumba kizima kikalipuka. Watu ambao hawajapiga kura wanataka kura zao zihesabiwe upya! Kwa mara ya kwanza tangu nifike Uingereza, nikajisikia niko nyumbani.

Zamu ya Uingereza kutoa matokeo ikafika. Romania: pointi moja.

Wakuu, wizi ukasahaulika papo hapo. "Kazi ya kamati!" Mzee akabebwa juu juu.

Ileana akapiga simu kutoka ukumbini, Costel akaweka loudspeaker. Mzee akaipokonya, akamhutubia kwa Kifaransa kwamba Birmingham nzima imesimama nyuma yake. Dada wa watu akalia kwa furaha. Costel akainamisha kichwa.

Jumatatu kazini akanifuata pembeni ya forklift. "Ulipiga?"

Nikamwambia nilipiga, kule kwenye mapipa.

"Mimi sikupiga," akasema. "Kaka yake wa tumbo moja. Nilikuwa natoa speech. Please, asijue."

Nikamwahidi.

Kikao kilichofuata kilikuwa na ajenda mbili. Ya kwanza, pongezi kwa mwenyekiti. Ya pili, karipio kwa katibu, aliyetoka bila ruhusa wakati mgeni rasmi anaongea.

"Katibu, ulikuwaka wapi?"

Costel alikuwepo, kapewa uanachama wa heshima. Nikisema ukweli, kila mtu ataulizwa kama alipiga, naye akiwemo. Alikuwa ananitazama, uso umemwiva.

"Tumbo, Mzee," nikasema.

Karipio likapita kwa kauli moja. Hata Costel alinyoosha mkono, maana Hodan alimgusa kiwiko na yeye Kiswahili hajui. Ndiyo kura pekee niliyowahi kumwona akipiga.

Funzo nililopata: jambo ukilipenda, lifanye kwanza, kamati ije ikukute umemaliza.

Mlioko kwenye vyama vya diaspora, mwageni yenu hapa. Na kama humu kuna Mromania anayesoma Kiswahili, tafadhali mkuu, ya Costel yaishie kwako.