Siku Baba Alipoapishwa

Juzi nilimtazama waziri mmoja akiapishwa, nikakumbuka harufu ya sabuni kwenye koti la baba, siku aliyokwenda Kasikeu kuapishwa uchifu.

Kwetu Ukambani kiapo nilichokijua ni kithitu tu, na aliyekiapia uongo alikufa. Nami niliujua uongo wa baba. Alikuwa amemwambia DC kwamba anajua kusoma, kumbe barua zake zote nilimsomea mimi, bintiye niliyesoma misheni.

Mchana kutwa sikutulia. Nilienda hadi njiani, nikarudi, nikaenda tena, nikisikiza kama kuna mtu analia.

Jioni alirudi na kofia mpya, akicheka. Nikamshika mkono nione kama bado una joto.

“Mama, mbona wanishika hivyo?” aliniuliza, maana nilipewa jina la mamake.

“Umeapa kwa kitu gani?”

“Kwa kitabu cha wazungu.”

“Kinasema nini?”

“Msomaji si ni wewe?”

Baba alikaa chifu hadi uzeeni, wala hakuumwa hata kichwa. Lakini juzi, waziri alipoinua kile kitabu na watu wakapiga makofi, mimi niliitazama mikono yake, nikingoja.