Wanataka Mama Yangu Avae Kaniki Harusini

Nawaandikia nikiomba jina langu mlifiche, na mkiweza hata mtaa wangu msiutaje. Mimi ni mama wa miaka arubaini na minne, fundi cherehani hapa Malindi. Binti yangu anaolewa mwezi ujao na kijana wa watu wa Lamu. Ni watu wema, ila kwao hakuna posa inayopita kabla hawajaulizia ukoo na asili mpaka babu wa babu. Wakimwona mtu si kufu yao, posa inavunjwa.

Mtakuwa mmeiona fasheni iliyotuingilia pwani siku hizi, ya mambo ya kisultani. Ilianzia kwenye hoteli za watalii, ikahamia kwenye hadithi za mapenzi ambazo wasichana wanaazimana mpaka kurasa zinakatika. Kila hadithi ina mjakazi mzuri anayependwa na mwana wa sultani na kuvishwa dhahabu. Sijaona hata moja ambayo mjakazi anatwanga. Sasa wasichana wanavaa magauni ya kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei rahisi, mabega nje, na sherehe za wanawake harusini zinapambwa kama kasri: bibi harusi kitini, wajakazi chini wakimpepea. Binti yangu anaitaka hiyo kwa roho yake yote. Kaniki za marafiki zake nazishona mimi.

Lililo moyoni mwangu hata mume wangu halijui. Nyanya yangu alikuwa mjakazi katika nyumba moja ya Takaungu. Wajakazi wa siku hizo walivaa kaniki, na hawakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya mabwana zao. Siku alipopata uhuru wake aliitia kaniki yake motoni, akajifunga leso, na nyingine akajitanda kichwani. Tangu hapo hakuna mwanamke wa kwetu aliyevaa kaniki, hata ya kulimia. Mama aliniambia haya nilipokuwa mwari, akaniapisha nisiyatoe nje. Tulikuwa tumekwisha kuhamia Malindi, na hapa hakuna aliyetujua; hata watu wa Lamu walipoulizia hawakupata kitu.

Juma lililopita mamake bwana harusi alikuja kwangu kutazama nguo. Mama, ninayeishi naye, alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mgeni alimwamkia kwa adabu, akamtazama, uso ukamchangamka.

"Mkwe wangu, huyu ndiye tuliyekuwa tukimtafuta," akaniambia. "Kasri haliwi kasri bila yaya wa kizee. Akae chini, miguuni pa bibi harusi, na kaniki yake, kichwa wazi. Sura anayo hasa."

Binti yangu akapiga makofi. "Bibi, kubali. Utapendeza kwenye picha."

Ningesema sababu, posa ingevunjika pale pale. Ningekataa bila sababu wangeanza kuuliza, na watu wale kuuliza wanajua. Nikasema tu kwamba mama ni mzee, magoti yanamsumbua.

"Atawekewa mto," akajibu. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Alipoondoka na binti yangu akamsindikiza, nilimwambia mama kwamba siku hiyo tutasema anaumwa. Akakataa.

"Wakinikosa watauliza. Mwache mtoto aolewe, mwanangu." Akanyanyuka, akavua leso ya kichwani, akanyoosha mikono. "Haya, nipime."

Nilimpima huku nalia. Yeye hakulia. Alinikumbusha tu nisiifanye ya kubana, kwa sababu atakaa chini muda mrefu.

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Kitambaa nimeshakikata, lakini kila nikikaa kwenye cherehani mguu unakataa kukanyaga. Binti yangu akipita ananiuliza mbona nguo ya Bibi haiishi, nami namjibu uzi umekwisha. Mama haniulizi kitu.

Ndugu wasomaji, nishaurini, nami nitawasikiliza hata mkinigombeza. Nguo za wote ziko tayari, imebaki hiyo ya mama. Niishone?