Fagio Juu

Juzi nilipita Temeke, nikakuta watoto wa shule kando ya barabara wamebeba mafagio ya chelewa. Nikacheka peke yangu. Wewe mwenzangu uliyesoma miaka ile unakumbuka: fagio lilikuwa la lazima kuliko hata viatu.

Sie watoto sita tulikuwa tukivushwa barabara na jirani yetu, mama muuza vitumbua. Magari ya mtumba yalikuwa yameanza kumiminika mjini, barabara ikawa haina adabu. Asubuhi harufu ya iliki ilitupokea kabla hatujamwona mwenyewe. Tukimwamkia, anaacha kikaango chake, anatega sikio, anatazama huku na huku, halafu anaturuhusu twende, bila mbio. Tukifika ng'ambo anapaza sauti, "Fagio juu!" Kila mtu ananyanyua fagio lake, lenye kitambaa chekundu alichokifunga muuza vitumbua kwa mkono wake. Akihesabu sita ndipo anarudi jikoni.

Mie nilikuwa mdadisi. Bibi yangu akiniita mpelelezi asiye na mshahara. Mbona tunanyanyua hata siku zisizo za zamu ya kufagia? Kwani yeye hatuoni? Wenzangu wakasema ndivyo alivyo, niache maswali. Basi siku moja nikaamua kupima. Tulipofika ng'ambo nikaliweka fagio langu chini, nikasimama wazi kabisa, namtazama huku nacheka.

Akahesabu. Akahesabu tena. Kisha akaingia barabarani mbiombio, akiita jina langu. Lori likafunga breki, vumbi likatimka, dereva akaporomosha matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakugeuka. Alinifikia akanipapasa kichwa, mabega, mikono yote miwili. Nilitamani ardhi inimeze.

"Gari naliona, kubwa lile," aliniambia taratibu. "Nyie mkishafika huku siwaoni. Naona nyekundu tu. Usimwambie mama yako, atanikataza kuwavusha."

Sikumwambia mtu. Ila tangu siku ile fagio langu lilikuwa la kwanza kupanda na la mwisho kushuka.

Sasa barabara imepanuliwa, mwenyewe ametangulia mbele ya haki, na pale penye kikaango chake wanauza simu. Juzi wale watoto walipoanza kuvuka nikajikuta nawahesabu. Walifika wote salama. Nikasubiri wanyanyue mafagio. Wakaenda zao, wala hawakugeuka nyuma, nami nikabaki nimesimama pale kwa uchungu, mkono wangu uko juu.