Jabez Hindle na Sheria ya Mikono

Marehemu Jabez Hindle, ambaye Bwana alimwita Jumatano iliyopita akiwa na miaka sabini na minne, alidaka mpira wa kulipwa misimu ishirini, yote katika klabu ya Harrowclough. Siku alipoacha kiwanda cha pamba ili acheze, mama yake alilia kanisani kana kwamba mwanawe amepelekwa jela.

Enzi zile golikipa aliruhusiwa kushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja, na Jabez aliitumia ruhusa hiyo kuliko wote. Alitoka golini mbio, akaudaka mpira juu ya vichwa vya watu, akaudundadunda hadi karibu na mstari wa katikati, huku washambuliaji wakimgonga kwa mabega bila kumwangusha. Wapo waliolipa kiingilio kuona hilo tu.

Mwaka 1912 sheria ikabadilika: mikono ndani ya eneo la penalti tu. Jabez alikuwa na miaka thelathini na saba. Katibu wa klabu, Bwana Pilling, akaja nyumbani, akakataa hata chai.

"Jabez, nakupa mechi ya kwanza. Ukishika nje ya eneo hata mara moja, nafasi ni ya Tattersall, kipa wetu wa akiba. Yule bado kijana, hana mazoea ya zamani ya kuyaacha."

"Sawa, Bwana Pilling. Mwambie Tattersall asinunue viatu vipya."

Mlango ulipofungwa, mkewe, Keziah, akamtazama. "Maneno unayo, mume wangu. Na hiyo mikono je?"

"Itasikia."

"Lini imewahi kusikia? Juzi mchungaji kaangusha kitabu cha nyimbo, ukakidaka katikati ya sala!"

Kiangazi kizima, isipokuwa Jumapili, Keziah alimfunga mikono nyuma kwa aproni yake, akamrushia mpira kwenye kiwanja nyuma ya kanisa. Kifua, goti, kichwa. Alianguka kifudifudi, majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kila asubuhi Jabez alipiga magoti. Hakuomba abakizwe kazini. Aliomba mikono itulie, mengine angeyafanya mwenyewe.

Jumamosi ya mechi, mashabiki wa wageni walijazana nyuma ya goli lake.

"Babu! Tia mikono mfukoni!"

"Mkeo kakuruhusu kutoka?"

"Mpaka saa kumi na moja!" Jabez akawajibu. "Wewe wako kakupa saa ngapi?"

Wakacheka hata wenyewe.

Zilibaki dakika nne, Harrowclough wakiongoza kwa bao moja, mpira mrefu ulipowapita mabeki. Mshambuliaji wa kati akaufukuza peke yake. Jabez akatoka, akauvuka mstari wa eneo lake. Mpira ukadunda, ukapanda usawa wa kifua, pale pale alipozoea kuudaka. Jukwaani Keziah alifumba macho. Mikono ilianza kupanda, watu waliiona, ikafika kiunoni, ikakoma. Akautuliza mpira kwa kifua. Bega la mshambuliaji likamgonga, akabaki wima, akaubutua hadi nje ya uwanja.

Mechi ilipokwisha, Bwana Pilling akaingia chumba cha kubadilishia nguo, kofia mkononi.

"Jumamosi ijayo treni inaondoka saa mbili asubuhi. Usichelewe."

"Nimewahi kuchelewa lini?"

Alidaka misimu mitatu zaidi, hadi vita viliposimamisha ligi, na hakushika mpira nje ya eneo hata mara moja. Juzi, kati ya waliobeba jeneza lake, wa mbele kabisa alikuwa mzee Tattersall.