Kijiko cha Dawa ya Kupe

Juzi nilitaka kuitupa hii simu.

Mtu kaandika kwenye kundi kwamba mtoto wa jirani yake kanywa oili ya gari. Dakika tano hazijaisha, ushauri umejaa. Mpe maziwa. Mpe mayai mabichi. Mtie kidole kooni. Baba mmoja, kwenye picha kavaa miwani na tai, akaandika kwa herufi kubwa: MTAPISHENI HARAKA.

Nikaandika, "Msimtapishe."

Mmoja akanijibu, "Bibi, kwani wewe daktari?"

Hapana. Mimi niliishia darasa la saba. Ila mwaka 1984 nilimtapisha mwanangu mwenyewe, akatapika vizuri kabisa, na kule kutapika ndiko kulikotaka kumuua.

Sasa nisikilizeni, na msinikimbize, mimi sipendagi kurukaruka.

Tulikuwa tunaishi Guta, nje kidogo ya Bunda. Mimi, mume wangu Boniphace, binti yetu Ursula wa miaka mitatu, na mama mkwe wangu, jina lake Susana, ambaye macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Boniphace alikuwa fundi wa malori ya pamba pale mjini.

Wa umri wangu mnaujua ule mwaka. Sabuni hakuna, sukari hakuna. Unaingia dukani, muuzaji amekaa mbele ya rafu tupu anafukuza nzi.

Na josho la ng'ombe lilikuwa limekufa. Mwaka mzima halijatiwa dawa, wanaooga mle ni vyura tu. Kupe wakajaa kwenye ng'ombe mpaka ndani ya masikio.

Basi watu tukawa tunawapaka oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kwenye injini. Boniphace aliileta kutoka gereji. Na pale nyumbani hatukuwaga tunasema oili. Tulisema dawa.

Ndama ana kupe? Lete dawa. Mtoto ana mapunye kichwani? Mpake dawa. Mchwa wanakula nguzo? Dawa hiyohiyo.

Kosa letu lilianzia hapo, kwenye jina.

Ursula akashikwa na kikohozi, nikampeleka zahanati. Siku hizo ukifuata dawa ya maji unakwenda na chupa yako, wao hawana. Nilikwenda na chupa ya bia. Nikamiminiwa dawa ya kikohozi, nyeusi, tamu, nikaziba kwa gunzi la mahindi.

Na ile oili ya Boniphace ilikuwa kwenye nini? Chupa ya bia. Imezibwa kwa nini? Gunzi.

Ya kikohozi nilikuwa naiweka dirishani. Ya kupe ilikaa kule zizini, juu ya nguzo. Asubuhi ile Boniphace alimpaka ndama, akaona kachelewa kazini, akaja akaitua oili dirishani. Ile ya kikohozi akaishusha chini, nyuma ya mtungi, eti zisigongane. Kisha akaondoka mbio. Hakusema neno.

Mimi najua nini? Nimeshika jembe, nakwenda kupalilia pamba. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, jua likifika utosini mpe Ursula dawa, kijiko kimoja cha chai. Iko dirishani."

"Nimesikia, mama Ursula."

Narudi saa nane. Ursula yuko uani anachezea magunzi, midomo myeusi kama mtu aliyetoka kula zambarau. Nikamnusa. Ananuka gereji.

"Mama! Umempa nini huyu mtoto?"

"Dawa."

"Dawa ipi?"

"Ya dirishani. Kwani tuna madirisha mangapi?"

Nikaingia ndani. Nikang'oa gunzi, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Oili.

"Umempa dawa ya kupe!"

Akajishika kichwa. "Yesu wangu!" Akamvuta mtoto, akampapasa tumbo, akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza.

"Halii," akasema. "Hakohoi zaidi ya alivyoamka. Msukutue mdomo tumpeleke hospitali hivyohivyo alivyo."

"Hivyohivyo? Na sumu iko tumboni?"

"Oili inateleza, mama Ursula. Ukiirudisha juu, utaishika mkono uioneshe njia?"

Sasa sikieni ujinga wa msomi.

Shuleni tulikuwa na somo la afya. Niliandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, kwamba aliyekunywa sumu atapishwe kwa maji ya chumvi. Mwalimu akanipa kumi kwa kumi. Zile kumi nilitembea nazo kichwani miaka yote kama ndoo ya maji.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, wewe hujasoma. Niachie mwanangu."

Akaniachia. Akakaa kwenye kigoda, akageukia ukuta.

Nikakoroga chumvi, nikamnywesha Ursula kikombe kizima. Haikutosha. Nikachomoa unyoya wa kuku nikamtia kooni. Mtoto akapigana, akaning'ata, akalia, na katikati ya kilio akatapika. Nyeusi. Ikatoka mdomoni, ikatoka puani, nyingine akaivuta ndani pale alipovuta pumzi ya kulia. Akapaliwa mpaka macho yakamtoka.

Na mimi nikafurahi! "Umeona, mama? Imetoka."

Mama mkwe akampapasa mtoto, akamfuta pua.

Saa tisa Ursula akaanza kikohozi kingine, kikavu, cha harakaharaka. Saa tisa na nusu mbavu zinazama kila akivuta hewa, pua zinapanuka kama za ndama aliyekimbizwa.

Gari? Petroli itoke wapi? Trekta la ushirika lilikuwa juu ya mawe tangu masika, halina tairi. Kilichokuwepo ni baiskeli ya jirani yetu Nyamhanga, na tairi la nyuma alikuwa amelijaza matambara, maana mpira wa ndani haukupatikana Bunda nzima.

"Panda, shemeji. Mshike mtoto vizuri."

"Nyamhanga, kazana!"

"Nakazana! Tambara ndilo linalodunda!"

Kila mzunguko, du. Du. Du. Ningeweza kukimbia kwa miguu nikaipita ile baiskeli. Nililia njia nzima, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Hasira ya josho, ya tairi, ya Boniphace na dirisha lake, ya yule mama na macho yake. Kila mtu nilimkasirikia siku ile isipokuwa aliyestahili.

Tulifika. Tukaambiwa tukae kwenye benchi, daktari yuko chumba cha upasuaji, na ni mmoja tu. Saa nzima na zaidi nimekaa nahesabu pumzi za mwanangu. Boniphace akaitwa kutoka gereji, akaja na mikono yake myeusi, akasimama kando.

Ndipo akatoka daktari Keraryo, mzee mfupi, hana maneno ya sukari.

"Kanywa nini?"

"Oili chafu."

"Kiasi gani?"

"Kijiko cha chai."

Akaweka vipimo vyake mgongoni kwa Ursula, akasikiliza kushoto, kulia, tena kushoto. Akawaita wauguzi wamtie mpira wa hewa. Kisha akanigeukia.

"Kijiko cha oili tumboni, mara nyingi kinapita kikatoka nyuma. Mtoto anaharisha kidogo, basi. Hii iko kwenye mapafu. Na haifiki huko kama mtu hajairudisha juu. Nani kamtapisha?"

Nikafumbua mdomo. Boniphace alikuwa ananiangalia.

"Nauliza, nani kamtapisha huyu mtoto?"

"Mimi."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama mkwe, vumbi mpaka magotini, amejishikiza kwenye fimbo. Alikuwa ametembea kutoka Guta peke yake, na macho yale.

"Mimi nilimpa, na mimi nilimtapisha," akasema. "Mimi sijasoma, daktari."

Hapo ndipo pa mimi kusema. Sikusema.

Ursula alilazwa siku kumi na moja. Sindano asubuhi, sindano jioni. Alipona, ila kifua chake kilisumbua mpaka alipofika darasa la tatu.

Boniphace alimpeleka mama yake Mugango, kwa dada yake Dorkas, na hakukanyaga huko tena kwa hiari yake. Ndugu wakija nyumbani ni hadithi hiyohiyo: yule mama kidogo aue mtoto. Wanasema, mimi nakoroga uji wao, nimenyamaza.

Mwaka 1987, enzi za ruksa zimeanza, sabuni zimerudi madukani, nilibeba miche miwili ya sabuni na sukari nikaenda Mugango. Nikamkuta anaanika furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa kupapasa, mmoja mmoja, wakubwa upande huu, wadogo upande ule.

"Mama, kwa nini ulisema ni wewe?"

Hakuacha kazi yake.

"Mwanangu namjua. Angekurudisha kwenu Butiama siku ileile. Mtoto mgonjwa angebaki na nani? Na mimi nisiyeona?" Akageuza samaki. "Mke anaachwa. Mama ataachwa na nani?"

"Nitamwambia ukweli."

"Ukimwambia sasa, hii miaka mitatu nimekaa Mugango bure."

Nikarudi nyumbani. Nikanyamaza tena. Mama mkwe alifariki mwaka 1991, na Boniphace alimfuata mwaka juzi bila kujua.

Kwa hiyo wewe wa herufi kubwa, nisome taratibu.

Mtu akimeza oili, petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Si kwa chumvi, si kwa maziwa, si kwa kidole. Msukutue mdomo, mkimbize hospitali, na ile chupa uibebe daktari aione. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele asipaliwe. Ikiingia jichoni, mmiminie maji safi robo saa nzima, hata akikutukana. Ikiwa kwenye ngozi, futa kwa kitambaa kisha sabuni na maji, na mafundi mkome kunawa kwa petroli. Usiipake kwenye kidonda wala kichwa cha mtoto. Usiitie kwenye chupa ambayo mtu anaweza kuinywea. Na iite oili. Ikishaitwa dawa, kuna siku mtu atainywesha.

Hilo nililotaka kuwaambia ninyi limeisha. Lililobaki ni la mtu mmoja.

Wiki iliyopita binti wa Ursula kajifungua mtoto wa kike. Nikasema aitwe Susana. Ursula akacheka kwa hasira: "Jina la bibi aliyetaka kuniua? Mama, hapana." Mtoto nilikuwa nimempakata mimi. Na mimi huyu, mzee mzima, nikatazama chini.

Ursula, najua uko humu kwenye kundi, unasomaga tu huandiki.

Bibi yako alikupa kijiko bila kuona. Alisema usitapishwe. Aliyekutia unyoya kooni ni mimi, mama yako, niliyekuwa naona vizuri.

Ubatizo ni Jumapili. Leo Jumatano.