Mwendo wa Babu Taulo

Ukimuuliza Dobi kazi yake, atakuambia anafua mashuka, na hapo atakuwa amekuambia nusu tu ya ukweli. Mashuka alikuwa anayafua, tena yakatakata mpaka ukaona haya kuyalalia. Lakini pale hotelini umaarufu wake haukutoka kwenye sabuni. Ulitoka kwenye miguu. Miguu ya Dobi iliweza kutembea kama mtu yeyote ambaye Dobi aliwahi kumuona akipita.

Chumba chake cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, na dirisha lake pana lilitazama njia inayotoka kwenye nyumba za wageni kwenda ziwani. Kila mgeni alipita pale, akiwa kavu wakati wa kwenda na ameloa wakati wa kurudi. Pasi ikienda huku, macho ya Dobi yalikwenda kule. Aliingia kazini akiwa kijana asiye na hata unywele kidevuni, akaoa pale pale mpishi wa keki, na sasa mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia masikioni. Muda wote huo alikuwa anapiga pasi na kutazama.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya familia. Msimu wa joto, shule zikifungwa, watu walimiminika na watoto, mabegi, mashangazi ambao hawakualikwa, na mpira uliokwisha upepo. Walikuwa walewale mwaka baada ya mwaka, kwenye nyumba zilezile na meza zilezile, na ole wake mhudumu mgeni amkalishe mtu kwenye meza ya mwenzake! Basi Ijumaa ya mwisho ya msimu, baada ya chakula cha mchana, meza zilisukumwa ukutani na wafanyakazi wakawaigiza wageni. Nani aliyeanzisha jambo hilo hakuna aliyekumbuka. Kanuni yake moja ndiyo kila mtu aliijua: mwaka wako wa kwanza huguswi. Ukirudi tena, umekwisha. Kuigizwa pale kulikuwa kama kupewa uraia, na waliosahaulika walinuna mpaka kwenye gari. Kuna mama mmoja aliyerukwa, mwaka uliofuata akaja na kofia pana kama ungo, akawa haivui hata mezani, mpaka walipomfikiria.

Lakini mgeni aliyeigizwa mwisho, wa kufunga dimba, siku zote alikuwa Babu Taulo. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na kustaafu kwenyewe sijui kama aliarifiwa, kwa maana alikagua kila kitu: supu, vitasa, kina cha maji. Alitembea mbiombio, kifua mbele, mikono nyuma, kama mtu anayetaka kuwafumania walimu. Na kila asubuhi alisimama kwenye dirisha la Dobi akiwa ameshika taulo kwa vidole viwili.

"Dobi! Hili ni taulo au msasa?"

"Shikamoo, Babu. Ni taulo."

"Marahaba. Basi liambie, maana lenyewe halijui."

Ilipofika Ijumaa, Dobi alichomoza mlangoni kifua mbele, taulo kwenye vidole viwili, na hata kabla hajafungua mdomo watu walikuwa hoi. Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Mwaka huu mzee alishuka garini polepole, mkewe kushoto, fimbo kulia. Kiharusi kilikuwa kimempitia wakati wa baridi. Mguu mmoja ulikuwa unaburuzwa, mdomo umekwenda upande, na maneno yalitoka mojamoja kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Hoteli nzima ikashikwa na huruma, na huruma ikizidi inachosha. Mhudumu alimkatia nyama bila kuulizwa. Wenzake wa karata walimwachia ashinde. Watoto walikatazwa kupiga kelele akipita, kwa hiyo popote alipopita pakawa kimya. Ungedhani hoteli ina msiba.

Siku ya pili tu, mkewe akaja kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa mama mpole, asiyezoea kuomba.

"Baba, mwaka huu umwache mzee wangu."

"Nimwache?"

"Ile Ijumaa. Usimwigize. Sitaki watu wamcheke alivyo. Na ukimwigiza alivyokuwa, ndiyo atalia kabisa."

"Mama, wala usiwe na wasiwasi. Hata mimi moyo wangu hauniruhusu."

Alikuwa anasema kweli. Ila miguu yake haikuwa sehemu ya maafikiano hayo. Alasiri moja, akianua mashuka uani, mikono ikikusanya vibanio, alishtuka kukuta mguu wake unaburuzika wenyewe kati ya kamba mbili. Alisimama. Akatazama huku na huku kama mwizi. Kisha akajikaza kisabuni, akarudi kwenye pasi, na siku hiyo aliona aibu mpaka mkewe akamuuliza kama ana homa.

Babu Taulo naye aliendelea kuja dirishani. Tena alikuja kuliko zamani, asubuhi na jioni, na njia ile kwa mguu wake haikuwa ndogo.

"Dobi. Taulo... linakwaruza."

"Samahani sana, Babu. Nitakutafutia laini."

Dobi akamtafutia laini kuliko yote, lile lililowekwa kwa ajili ya maharusi. Kesho yake mzee huyo tena.

"Hili... halikaushi."

"Nisamehe, Babu. Nitabadilisha sasa hivi, tena nitakuletea mwenyewe mpaka chumbani, usijisumbue."

 Mzee akageuka, akatembea hadi kwenye kona ya jiko, akarudi mpaka dirishani, akageuka tena, akaenda zake. Dobi alimhurumia, akasema moyoni kwamba maskini, sasa hata njia ya nyumbani inampotea. Mtu aliyesoma watu maisha yake yote, na hapo hakuona kitu!

Ijumaa ikafika. Watu walijazana ukumbini, watoto chini, wakubwa kwenye viti. Mhudumu mmoja aliigiza mama anayehesabu watoto wake ndani ya maji na kila mara kuibuka na mmoja zaidi. Dobi akamwigiza mwalimu anayeogelea shingo juu ili nywele zisilowe, akamtoa shangazi na mwavuli wake, akamtoa baba anayewasha jiko la mkaa kwa kulilaumu. Watu walivunjika mbavu. Babu Taulo alikuwa mstari wa mbele, karibu na mkewe, ameweka mikono juu ya fimbo. Alikuwa amevaa shati la kola, tena limepigwa pasi.

Dobi alipomaliza baba wa mkaa, akainama. Makofi yakapigwa. Wote walijua nani anayefuata siku zote, na wote wakajifanya hawajui. Viti vikaanza kusogezwa.

Fimbo ikagonga sakafu.

"Na mimi?"

 Mzee alikuwa amegeuza uso wote, ule mzima na ule uliolegea, akimtazama Dobi.

"Na mimi... Dobi? Au... nimeshakufa?"

Dobi alimtazama mke wa mzee. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Hapo ndipo Dobi alipoelewa zile safari zote za dirishani, na yale matembezi ya hadi kona na kurudi. Mzee alikuwa anamsomesha. Alijileta mwenyewe, asubuhi na jioni, atazamwe, na yeye akampa taulo la maharusi. Dobi aliumia vibaya sana.

Angemfanya mzee wa zamani, mwenye kifua mbele, watu wangepumua. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa uongo mbele ya macho ya mwenyewe. Akapiga moyo konde. Alichukua taulo begani kwa mhudumu, ufagio kwa msafishaji, akatoka nje ya mlango.

Aliporudi, alikuwa anauburuza mguu wa kulia. Mdomo ulikuwa upande, ufagio ukigonga sakafu, taulo kwenye vidole viwili. Alikuja taratibu, bila kupunguza na bila kutia chumvi, mpaka mbele ya kiti cha mzee.

"Do...bi. Hili... taulo... au msasa?"

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alianza, akazibwa mdomo. Mama aliziba uso kwa viganja vyake.

Mzee alimkagua kuanzia ufagio hadi kiatu, kama alivyowahi kukagua madarasa mengi. Alichukua muda wake. Kisha akainua fimbo, akainyoosha.

"Umekosea."

"Babu?"

"Mguu. Si... huo." Akagonga goti lake la kushoto kwa fimbo. "Mbovu... huu. Huo mzima... niachie. Usinimalizie... yote miwili!"

Dobi akatazama miguu yake, akatazama ya mzee. Msimu mzima alikuwa amemtazama akija, uso kwa uso, na alichokiona upande wa kulia kwake yeye Dobi ndicho alichokichukua. Wa kwanza kucheka alikuwa yule mama. Kicheko kilimponyoka katikati ya viganja, kikubwa, kisicho na adabu yoyote, na ukumbi mzima ukamfuata mpaka vijiko vikatetemeka kwenye meza za ukutani. Mzee alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa uso na machozi yakimtoka pande zote mbili.

"Rudi... mlangoni," alisema alipopata pumzi. "Anza... upya."

Dobi akaomba radhi, akarudi mpaka mlangoni, akaingia tena, safari hii akiuburuza mguu wa kushoto.