Nyeusi ya Bi Ghazala

Khairi simpendi, nasema mapema usije ukadhani nazunguka. Alikuwa mwalimu wetu wa jiografia. Vita vilipoanza akajifanya mkuu wa kamati ya mtaa, na jioni hiyohiyo akaenda kumgongea Bi Ghazala, jirani yangu, mshonaji.

"Bi Ghazala, tunataka bendera. Ile ya zamani, ya uhuru."

"Nilikuwa naishona shuleni, nikiwa binti. Nguo ziko wapi?"

Nyekundu ilipatikana, pazia la mtu. Kijani ndiyo usiseme, maana bendera ya serikali Libya nzima ilikuwa kijani kitupu miaka na miaka, ilikuwa hata ya kufungia vitunguu. Shida ikawa nyeusi. Mstari wa katikati ni mpana mara mbili ya wenzake, na maduka yamefungwa. Bi Ghazala akaingia ndani, akatoka na burnusi ya marehemu mumewe Salemu, joho la sufu nyeusi alilovaa Idi kwa Idi. Akalipasua. Mwezi na nyota akavikata kwenye shuka jeupe, akavishonea juu ya nyeusi.

"Nyeusi ni zile siku za giza za ukoloni wa Mtaliano," Khairi akatufundisha, kidole juu.

"Nyeusi ni Salemu wangu," Bi Ghazala akamkata. "Wewe shika hapo ncha."

Ikapigiliwa misumari ukutani mwa shule. Kila kijana wetu alipouawa ilishushwa, ikafunika jeneza lake, kisha Bi Ghazala akaisugua damu kwenye karai, ikapanda tena. Na mwanawe Miladi, aliyekamatwa akapelekwa jeshini kwa lazima, yuko kambi ya serikali, kilimani juu ya barabara yetu, wanakotupigia risasi.

"Aliyeletwa si wa upande ule?" ananiuliza kila mara ninapoleta maiti kwa pikapu yangu.

"Si wa upande ule, mama."

Analia kwa furaha, halafu analia kwa kuionea aibu furaha yake.

Kambi ilipoanguka, maiti ya Miladi niliileta mimi, nyuma ya pikapu. Mama wa watu hakuomba makubwa. Aliomba mwanawe afunikwe kama wenzake.

"Haiwezekani," Khairi akasema mbele ya watu. "Bendera haimfuniki aliyeipiga risasi."

"Alichukuliwa kwa nguvu, Khairi. Si ulimfundisha mwenyewe?"

"Mtafutie ya kijani, bibi. Zimejaa tele."

Kuna waliocheka. Wallahi, walicheka, na jeneza liko pale.

Bi Ghazala akafuata mkasi, akapanda ngazi, umri ule, akafumua nyuzi zake mwenyewe mpaka kipande cheusi kikamwangukia mabegani. Ukutani ikabaki nyekundu juu na kijani chini, na katikati ukuta mtupu wenye matundu ya risasi.

"Basi toa huo mwezi na nyota!" Khairi akapayuka. "Hiyo ni alama ya taifa!"

"Mwezi na nyota kaviumba Mungu, si kamati yako."

Tukambeba Miladi chini ya joho la baba yake. Bega la nne lilikosekana, hadi mzee Atiya, ambaye mwanawe aliuawa na kambi ileile, alipotupa sigara yake akaja kushika. Wengine wote walitutazama tu.

Kesho yake Khairi akabisha hodi, sauti ya upole kama mkwe.

"Bi Ghazala, tushonee tena. Ukuta unatuaibisha."

Alikuwa ameketi, burnusi magotini. Hakuinua hata macho.

"Leteni nyeusi," akasema. "Safari hii itoke nyumbani kwenu."